Mama Mwingine wa Huguette

Durban mjini, 8 Machi 2025

Huguette binti yangu,

Nakusalimia kutoka kwenye kiti chako. Leo ni Jumamosi na hukuja kusukwa, basi nimekikalia mimi. Mgongo unauma kidogo, saluni iko wazi, Mama Félicité wa hapa jirani anakusalimia. Wewe huko chuoni Westville unalala vizuri? Unakula?

Doudou wa teksi amenipa barua yako. Kumbe umeingia chama cha wasichana, Odade, yaani “akina dada” kwa Kizulu, na wageni hawashiki simu mpaka siku ya kupokelewa. Sawa. Mama yako amezungukwa na maduka ya simu kulia na kushoto, anaandika kwa kalamu kama enzi za Lubumbashi.

Lakini ulipoandika “nimepewa mama,” nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mama gani? Nilidhani nafasi hiyo ilishapata mtu. Na ni kweli amekusuka? Tangu uote nywele, hicho kichwa hakijaguswa na mkono mwingine.

Mimi sina wivu. Nauliza tu, kama mtu wa kazi.

Mama yako (yule wa zamani)


Westville, 12 Machi 2025

Maman,

Jambo. Niko mzima, nakula, hata sombe ya majani ya muhogo iko huku, ila si kama yako. Mgongo je? Usisimame siku nzima.

Anaitwa Chepkoech, Mkenya wa Kericho, yuko mwaka wa tatu. Ni desturi ya Odade: kila mgeni anapewa mama wa chama. Anamfundisha nyimbo, anamsuka, na siku ya kupokelewa anamfunga kitambaa kichwani mbele ya watu. Wazazi wanakaa nyuma, wanapiga makofi. Ni Jumamosi, tarehe 5 Aprili. Mpaka siku hiyo, kila Jumamosi sisi wageni tunasafisha ukumbi. Wakubwa wako huru.

Njoo, Maman. Usipokuja nitapokelewa kama mtoto aliyeokotwa.

Nywele zinavuta kidogo juu ya sikio, lakini ni nzuri.

Binti yako


Durban mjini, 14 Machi 2025

Huguette,

Namshukuru Mungu u mzima. Mgongo ni ule ule.

“Wanakaa nyuma.” Nimekuzaa, nimekusuka miaka kumi na tisa, sasa nije Westville nikae nyuma kama mgeni wa harusi asiyejulikana katoka upande gani? Jumamosi ni siku ya wateja. Sidhani kama nitapata nafasi.

Mwambie huyo mama yako apite saluni kesho nimwone. Sitamuuma. Nataka tu kuona mikono yake.

Mama yako


Westville, 30 Machi 2025

Maman,

Jambo. Umeamkaje? Wiki mbili sijapata hata mstari mmoja. Doudou anasema u mzima na unacheka sana. Unacheka na nani?

Chepkoech alikuja kwako Jumamosi ile, akarudi amesukwa ule mduara wa komunyo yangu ya kwanza, ule uliosema ni wangu peke yangu. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na jana tena, akarudi na sombe kwenye bakuli letu lenye kifuniko cha bluu. Ananiambia, “Mama amesema usiongeze chumvi.” Hasemi “mama yako”. Mama tu. Anajua hata ulivyoteleza kanisani siku ya kipaimara changu, na hiyo ni hadithi yetu ya nyumbani.

Anakalia kiti changu? Mimi sina wivu. Nauliza tu.

Na hujasema kama unakuja tarehe 5. Ukija, unakuja kwa ajili ya nani?

Binti yako (wa kuzaliwa)


Durban mjini, 1 Aprili 2025

Huguette wangu,

Leo sitaulizia afya yako. Mtu anayekasirika vizuri hivyo ni mzima kabisa. Nimecheka mpaka mkono ukapotea njia kwenye kichwa cha mteja.

Ukweli, nilimwita nimtafutie kasoro. Nilimsuka kwa nguvu, Mungu anisamehe, nikingoja alie. Badala ya kulia, akalala, kichwa juu ya goti langu. Hajamwona mama yake tangu aje kusoma. Alors, kichwa kimelala gotini, utakifanya nini? Unaendelea kusuka. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye ule mduara; ndiyo njia vinayoijua.

Kiti chako hajakikalia. Nimeweka mkoba wangu juu yake, na kila anayekitaka namwambia kimevunjika. Hata yeye nimemwambia hivyo.

Tarehe 5 nafunga saluni. Nitakaa nyuma, nitapiga makofi mpaka watu wageuke. Lakini Chepkoech ameniambia Ijumaa mnaachiwa mapema. Njoo saluni, na uje peke yako. Tumeshaelewana, mimi na yeye: kitambaa atafunga yeye. Kilicho chini ya kitambaa ni changu.

Mama yako