Uji wa Pilipili Manga

Jumatatu, 2 Juni
Nepi, kunyonyesha, nepi. Ukungu wa Uluguru umeshuka mpaka mlangoni, mtaa wetu wa Bigwa hauonekani. Mama mkwe kaleta uji wa pilipili manga, sukari tele, kama kila alfajiri tangu nijifungue. Anaamini ndio unaoleta maziwa. Keshokutwa napimwa sukari. Ilipanda nikiwa na mimba ya Neema, sasa nesi anataka kujua kama imeshuka. Mama anasema ilitoka na kondo la nyuma. Mimi naogopa. Mama yangu mzazi alianza hivihivi, akaishia kukatwa mguu.

Jumanne, 3 Juni
Baba Neema kapiga simu kutoka kwenye mashamba ya miwa. Mtoto hajambo? Ananyonya? Basi. Mimi siku hizi ni maziwa tu.

Jumatano, 4 Juni
Mjinga mimi. Nilitakiwa nisile kitu tangu usiku. Mama kasimama na bakuli, akingoja nimalize. Mzazi akikataa uji wa mkwe, ukoo mzima kule milimani utajua kabla ya jioni. Nikanywa. Nesi kanirudisha. Nimelia ndani ya bajaji, dereva kaongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 6 Juni
Nimetoroka kabla mama hajawasha moto. Neema mgongoni. Nimepewa maji ya glukosi, matamu ya kutapisha, kisha kusubiri kwenye benchi asubuhi nzima. Wenzangu walikuja na waume, na dada zao. Nilikuwa nikiangalia mlango, sijui nilikuwa namngoja nani.
Majibu: si kisukari kamili, lakini haijashuka inavyotakiwa. Nirudi Jumatano kufundishwa chakula, nije na anayenipikia.
Nyumbani nimekuta uji umefunikwa, umepoa.
"Sinywi, mama. Sukari bado ipo juu. Wamesema tuje wote, Jumatano."
Mama kabeba bakuli, kaenda nalo uani. Sijawahi kuwa mpweke hivi.

Jumapili, 8 Juni
Chakula kinawekwa mezani bila neno. Baba Neema nimemwambia majibu. Kasema Mungu mkubwa. Kisha kamuulizia mtoto.

Jumatatu, 9 Juni
Leo hakuna uji. Nimemkuta mama uani anachambua mchicha, kavaa kitenge cha kanisani na viatu vyake vyeusi. Nimemkumbusha kliniki ni keshokutwa. Amesema anajua. Viatu vinambana, anavizoesha mapema.