Wa Kumi Kwenye Orodha

Kharumwa, 3 Machi 2025

Mwanangu Nelly,

Hujambo huko Kambarage, unakula? Mimi mgongo ni ule ule, Mungu anasaidia. Ulisema chama chenu cha kutetea wagonjwa kinawadai wabunge sheria ya kuwahesabu wagonjwa wa mishipa ya fahamu nchi nzima, maana huwezi kumtibu usiyemjua, ukaniomba niandike wanaotetemeka hapa kwetu. Nilidhani watatu. Nelly, ni tisa! Wote walichoma dhahabu kwa zebaki, wengine jikoni, kwenye makaa ya ugali. Na sisi tunasema wamelogwa, tunapita. Nimeshtuka mpaka uji ukaungua.

Mama yako

Kambarage, 9 Machi

Mayu, shikamoo. Pole na mgongo. Orodha imefika, ofisini wameisoma mara mbili. Ila Baba simwoni. Mbona?

Mwanao Nelly

Kharumwa, 14 Machi

Marahaba mwanangu, tumeamka salama. Baba yako si unamjua? Yule ni gongo, siyo ugonjwa. Ndiyo maana nilimrudisha kwa kaka yake Jilala. Anapepesuka, ulimi mzito, chai yote inaishia kwenye shati. Jumuiya nzima tulimwombea aache. Usinitie aibu mbele ya wabunge kwa jina la mlevi.

Mama yako

Kambarage, 20 Machi

Mayu, shikamoo. Baba alichoma zebaki miaka kumi na miwili. Harufu ya pombe uliwahi kuisikia, au uliona kutetemeka tu? Nenda kamnuse.

Nelly

Kharumwa, 2 Mei

Nelly mwanangu, habari za siku nyingi. Nisamehe kukaa kimya, mkono ulikuwa mzito.

Nilikwenda. Nilimnusa kama mbuzi anavyomnusa mwanawe. Sabuni na jasho, basi. Jilala akanicheka: "Shemeji, Makoye hajaonja pombe miaka mitatu, wewe unanusa nini?" Nikakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Miaka mitatu! Na jina la mlevi nililitoa mimi, kwa mdomo huu.

Jumamosi nilisimama jumuiya nikasema yote.

Baba yako yuko nyumbani sasa, daktari atampima. Mwandike wa kumi. Amekubali kwenda kusema mbele ya wabunge, ila jana kaniuliza, "Wakiniona napepesuka, si watasema nimelewa?"

Nimemwambia nitasimama naye. Nitawaambia mimi ndiye niliyeanza kusema hivyo.

Mama yako, na Baba