Mzungu Aliyetaka Kununua kwa Mgeni

Jumanne, mvua imekatika

Na yule Mzungu alivyoikunja karatasi yake! Nikikumbuka nacheka peke yangu. Ni Mjerumani mwenye shamba la kahawa; alikuja na askari, akataka nitie alama kwenye karatasi kuwa nimemuuzia shamba la migomba.

"Ni la ukoo wa mke wangu, Bwana. Mimi hapa mgeni tu, nilihamia kwao nilipomwoa."

"Kwetu Udachi mume ndiye mwenye amri!"

"Basi kanunue la huko."

Kiboko cha askari kilinitisha, nakiri. Ndipo mke wangu akatokea, jembe begani.

"Mzee huyu nilimkaribisha mimi. Hata jembe hili ni la kaka yangu. Atakuuzia nini, kikohozi chake?"

Askari alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mzungu akaikunja karatasi, akaondoka akiniita mwanamke.

Na aniite. Migomba yetu imebaki. Yao, samahani. Mimi nimepewa mkungu mmoja, na amri ya kupalilia kesho.