Bi Harusi wa Kalavati

Lituhi, Nyasa
Jumapili, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Edmund,

Leo ni miaka arobaini na miwili na miezi mitatu tangu nitoke Suji na sanduku moja na barua ya kuripoti kazini Mbinga. Nakusalimu wewe, shemeji Asnath na wote wanaokula katika nyumba hiyo. Natumaini goti lako limepungua kukusumbua, na kwamba masika hayakubomoa tena ule ukuta wa mawe nyuma ya migomba. Mimi mwilini sijambo. Moyoni nina hasira, na nakwambia mapema ili usije ukazitafuta katikati ya mistari. Karatasi mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa na matusi.

Nilipokupigia simu Jumapili ile ya kikao, ulinijibu kwamba ukoo mzima umekaa, mbuzi wameshachinjwa, kiti cha baba kimefutwa vumbi, halafu mimi nawaletea habari za mbwa. Ukacheka. Nyuma yako mtu akauliza kama huyo mbwa amenizalia watoto wangapi, nanyi mkacheka tena. Nilipouliza kama naweza kuja naye, ukasema mbwa wa barabarani hatakanyaga uwanja wa baba. Kisha ukakata simu. Ndiyo maana naandika. Barua unaweza kuichoma, lakini huwezi kuikatiza.

Mwezi wa pili niliitwa upande wa Ngaka kumtazama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nimestaafu miaka kumi na moja, lakini watu huku bado wananiita bwana mifugo. Wakati wa kurudi, kwenye barabara ya malori ya makaa ya mawe, niliona mkia ndani ya kalavati. Mama mtu alikuwa amekufa, yapata siku mbili. Mtoto wake, jike wa miezi sita hivi, alikuwa amemlalia ubavuni, mweusi kwa vumbi la makaa hata sikujua rangi yake. Nilimfunika koti langu nikamvuta. Hakuning'ata. Wewe hukusomea mifugo, kwa hiyo nikueleze: mnyama anayeng'ata bado anatarajia kitu. Huyu alikuwa ameshaacha kutarajia.

Nyumbani Mbinga alikaa uvunguni wiki tatu. Alikula nikigeuka ukutani tu, na nikikohoa aliacha. Jirani yangu Bonifasia, mkaanga vitumbua, akampa jina la Bi Harusi, kwa kuwa hainui macho na hukimbilia nyuma ya mlango wageni wakija. Kila asubuhi aliniuliza kupitia ua kama mwali bado anafundwa au ameshatolewa nje.

Halafu ukaja ujumbe wako kwamba kikao cha kunikalisha kwenye kiti cha baba ni tarehe 18 Mei na nisikose. Nikaanza kumtafutia kwao. Mansuetus, mlinzi wa ghala la kahawa, aliuliza kama anabweka. Nikakiri kwamba sijawahi kumsikia. Akasema mbwa wa namna hiyo atamshikia mwizi tochi. Mwalimu Gaudiosa alitaka dume, akidai jike huleta mahari ya mbwa wa mtaa mzima mlangoni. Wengine walichungulia uvunguni, wakanipa pole kama waliofika msibani.

Aliyekubali bila maswali ni Joakim wa Ukata, mwenye kahawa na mahindi kwenye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshikilia udongo wa mlimani. Nyani humsumbua. Akasema nimlete tu, kazi ipo. Tarehe 5 Mei nilimpeleka kwa bodaboda, ndani ya tenga. Mke wake, Ephrasia, alinipa ugali na maharage. Nikarudi, nikafunga mizigo, nikakata tiketi ya Alhamisi alfajiri.

Jumatano mchana Ephrasia akanipigia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya kanga. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, ndipo akasema nimfuate mgeni wangu kabla hajafa.

Nilimkuta kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na alikuwa humo siku tisa. Alilishwa pumba iliyochanganywa na pilipili, na pilipili nyingine alipakwa puani. Pua ilikuwa imechubuka, macho hayafunguki. Joakim alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni, kwamba mbwa hufanywa mkali hivyo: akae gizani mpaka awasahau watu, pilipili impandishe moyo, kisha afunguliwe usiku shambani. Alishangaa kweli kuona nimekasirika. Akaniuliza kama nilimleta awe mbwa au awe shemeji yao. Nilimjibu kwa Kipare, maana Kiswahili hakikunitosha, na baada ya kumaliza nilimsikia akimuuliza mkewe hiyo ni lugha ya wapi. Ephrasia akamwambia ni ya kwao watu wenye akili.

Kwa hiyo Alhamisi basi liliondoka bila mimi. Nilikuwa naosha macho ya mbwa kwa maji ya chumvi kila baada ya saa mbili. Siku tatu baadaye ndipo nikakupigia, nawe ukacheka.

Nilimleta huku ziwani kwa mjane mmoja, Serafina, anayekausha usipa, wale dagaa wa ziwa hili. Zamani nilimtibia mbuzi, na nilikumbuka kwamba pale kwake hata mbwa wazee waliochoka walikuwa na mahali pao kivulini. Aliponiona na tenga hakuuliza mbwa ni jike au dume, wala kama anabweka. Hata hakumtazama. Aliniagiza nimweke chini ya kichanja cha kuanikia samaki, kisha akawatangazia wanawake wenzake kwamba hakuna kumwita, hakuna kumshika, hakuna kumhurumia kwa sauti. Akaendelea kugeuza usipa wake. Kila akipita aliangusha samaki wachache kama waliomponyoka. Siku ya kumi na moja mbwa alitoka, akaweka kidevu juu ya mguu wake. Serafina hakusogeza mguu. Aliniambia bila kugeuka kwamba nisithubutu kusema lolote. Nilikwenda ufukweni, nikalia kama mtoto, mimi mwenye miaka sabini na mmoja.

Nikaona kazi imekwisha. Nikaenda Mbinga siku mbili kuchukua mizigo, nije kwenu hata kama kikao kimepita. Niliporudi kuaga, Serafina alinipokea kwa ukali. Tangu gari lilipoondoka mbwa hakula. Alikwenda kulala kwenye mtaro wa barabara, palepale nilipopandia gari, na hata usipa haukumtoa. Serafina alisema anampenda na nyumba anayo, lakini mnyama huyu ameshaachwa mara mbili, hiyo itakuwa ya tatu, naye hatashiriki. Ama nikae mpaka mbwa atakapoweza kuniona naondoka bila kutetemeka, ama nimchukue niende naye. Akasema hata ikichukua miaka, mzee, si una miguu na huna bosi?

Sasa, Edmund, nisome polepole. Liko jambo ambalo hata Serafina sijamwambia.

Nilijua. Miaka mitatu iliyopita nilimtibu mbwa mwingine wa Joakim, jike mwekundu aliyepofuka jicho moja. Nilipouliza sababu, alinitajia pilipili bila aibu. Nilimkemea, nikaandika kwenye daftari langu "muwasho wa jicho", nikaenda zangu. Joakim alipokubali kumchukua huyu, jicho lile lilinijia mbele yangu likiwa jeupe kama yai. Nikalifukuza. Nilijiambia kwamba atakuwa amejifunza. Ukweli ni kwamba tiketi ilikuwa akilini, na kile kiti kilichofutwa vumbi, na ninyi mkisimama kunipokea. Nilitaka kurudi kama mtu mkubwa. Nilipompandisha mlimani na kumkabidhi kwa Joakim, mbwa ambaye hakuwahi kutoa sauti alilia. Nilimsikia mpaka kona ya pili. Sikugeuka.

Joakim alitenda alilofundishwa na baba yake. Mimi nilifundishwa chuoni, nikawafundisha wengine kwenye mikutano ya vijiji miaka thelathini. Kwa hiyo hasira hii niliyokumwagia, sehemu ya kicheko ni yako na sikuondolei. Iliyobaki ni yangu, nami nalala nayo.

Nimepanga chumba nyuma ya kanisa, hatua sitini kutoka kwenye kichanja. Kiti cha baba ukalie wewe, umekitunza kuliko mimi. Kaburi la mke wangu Ida lipalilieni kabla ya vuli, na shemeji Asnath amwambie palepale kaburini kwa niaba yangu kwamba sikumsahau, ila nina deni la mnyama. Wasalimu waliocheka, na yule aliyeuliza habari za watoto mwambie bado hatujajaliwa.

Mdogo wangu, sirudi.

Kaka yako,
Cuthbert