Baba, Juu ya Ile Dansi ya Yustina

Kindu, msimu wa mvua

Baba mpenzi,

Amani ya Yezu ikae nawe humo nyumbani Kalima. Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia, na bado unapanda kilima hadi chapeli bila kushikwa mkono. Macho ya Mama je? Na lile shamba la mihogo, wachimbaji wa madini ya kasiterite wamewaachia, au mashimo yao yanazidi kulisogelea? Sisi huku Kindu tu wazima. Mto umejaa, mitumbwi inavuka kwa shida, na cherehani yangu haipumziki kwa sababu arusi ni nyingi.

Sikupiga simu, Baba, kwa sababu kwenye simu unaniambia "ndiyo, ndiyo", kisha unampa Mama. Jambo hili nataka ulisome mwenyewe. Ni juu ya dada Yustina.

Najua. Tangu vita viishe, ukituma salamu unanisalimia mimi, mume wangu, watoto, mpaka jirani. Yeye humtaji. Ulisikia kwamba alionekana katika baa, amekumbatiwa na askari, anacheza na kucheka, wakati watu wanazikwa bila jeneza. Wewe katekista, uliyetufundisha kwamba dansi ni mbili: ile ya kanisani, mtu anacheza mbele ya Mungu, na ile ya baa, mtu anacheza ndani ya mikono ya mtu. "Ya kwanza inapanda, ya pili inashuka," ulikuwa unasema. Sisi binti zako hatukuijua hiyo ya pili hata siku moja.

Sasa sikiliza mambo yaliyotokea hapa.

Odeta, yule yatima ambaye Yustina alimfundisha katekisimu mpaka akapata komunyo, amepata mchumba. Akamuomba Yustina awe mareni wake wa ndoa, yaani mama wa kumsimamia kanisani. Pareni, upande wa bwana arusi, ni Muzee Feridinandi, mjane mmoja mtaratibu aliyefanya kazi ya reli. Hapa desturi ni kwamba kwenye sherehe maarusi wanafungua dansi, halafu pareni na mareni wanawafuata, wameshikana, watu wote wanawaangalia.

Mama Kolotilda, anayeongoza mama wa parokia, alipopata habari akakataa. Padiri akatuita sote baada ya Misa ya Jumamosi asubuhi, katika chumba cha mikutano. Niliketi karibu na Yustina. Mikono yake ilikuwa baridi kama mtu aliyetoka kufua mtoni.

"Padiri," Mama Kolotilda akaanza, "mimi sina chuki na mutu. Lakini mama Mukristu kushikwa kiuno na mwanaume asiye wake, mbele ya watoto, ile njo nini? Binti yangu alianza kupotea kwenye dansi ya arusi. Aliingia pale mutoto, akatoka na mimba. Tuliwaambia hawa vijana kwamba dansi ya kukumbatiana ni zambi. Leo tuwaonyeshe sisi wenyewe?"

Nilimhurumia, Baba. Alikuwa anasema maneno yako, na alikuwa na kidonda chake.

Halafu akageuka. "Tena huyu! Kindu nzima inajua alicheza na waaskari wakati wa vita. Alikuwa anacheka. Mimi mwenyewe nilipita barabarani, nikamuona."

Nikasimama niseme, lakini Yustina akanivuta nguo nikakaa. Akasema yeye, akiangalia sakafu.

"Ni kweli uliniona, Mama. Ilikuwa Dimanshi, siku ya Bwana. Tulikuwa tunatoka Misa."

Baba, nilikuwepo; wakati ule ulikuwa umenituma nikae kwake hapa Kindu. Njia za kwenda mashambani zilikuwa zimefungwa, tunakula majani ya mihogo bila chumvi. Askari walisimama mbele ya mlango wa kanisa, wakawa wanachagua wanawake: mkubwa wao alikuwa na sikukuu katika baa karibu na stesheni. Mmoja akanionyesha mimi kwa kidole. Nilikuwa bado msichana mdogo, sijaota vizuri hata matiti. Yustina akapita mbele yangu akasema: "Huyu hajui kucheza. Mimi njo ninajua."

Hakujua, Baba. Alijifunza palepale, akimkanyaga yule mkubwa kwenye buti zake. Mimi walinikalisha juu ya kreti la bia, ukutani. Bunduki ilikuwa mezani, na mdomo wake ulielekea upande wangu. Wimbo ukiisha, yule mtu anasema: "Tena." Yustina alipoanza kulia, akamwambia: "Cheka. Ni sikukuu yangu." Akacheka. Ukuta wa baa ulikuwa wa matete machache tu, na watu walikuwa wanapita barabarani. Waliona meno. Hawakuona bunduki. Jua lilipoanza kushuka walitufukuza kama mbuzi, tukaenda nyumbani.

Nilitaka kukuletea habari. Yeye akanikataza: "Baba akisikia walikutaka wewe, atatoka Kalima kwa miguu, na watamuua njiani." Vita vilipoisha nikamuomba tena ruhusa. Akasema hataki uone kama anajitetea. Sasa ameyasema mwenyewe mbele ya watu, basi mdomo wangu umefunguliwa.

Yustina alipomaliza kuyaeleza hayo yote, Padiri akamjibu Mama Kolotilda bila kumgombeza.

"Mama, Kanisa haisemi mwili ni mubaya, wala haisemi kila mwanaume na mwanamuke wakishikana mikono wamefanya zambi. Inauliza: moyo wako unatafuta nini, na pale unaenda kufikia wapi? Mutu anayejua dansi fulani itamuangusha, asiikaribie. Hilo nitawahubiria vijana hata kesho, na kwenye sherehe ya Odeta wazazi watakaa mpaka mwisho. Lakini zambi inataka mutu ajue na akubali. Yustina alikubali nini?"

"Hakucheza," Padiri akasema. "Alichezeshwa. Zambi ya siku ile iko na mwenyewe, yule askari, na si yeye."

Mama Kolotilda akachukua kitenge chake, akatoka bila kuaga. Yustina akaniuliza, kama mtoto: "Amesema nini? Si mimi?" Nikamwambia, "Si wewe." Tulipofika nyumbani aliniuliza tena.

Arusi ikafika. Nilimshonea nguo ya buluu. Kanisani alisimama imara. Lakini mchana, kwenye kiwanja cha sherehe, lituma ya ndizi za kupondwa na samaki vimekwisha kuliwa, niliona anaanza kutafuta njia ya kutokea kwa macho. Muziki ukapigwa, Odeta na mume wake wakafungua. Muongozaji wa sherehe akaita kwa sauti: "Pareni na mareni!" Watu wakapiga makofi. Muzee Feridinandi akasimama mbele ya Yustina, akanyoosha mkono.

Yustina hakuusogelea. Makofi yakapungua. Mtu mmoja nyuma akacheka. Muongozaji akarudia mwito.

"Muzee," Yustina akasema, "hapana. Si kwa sababu ni zambi. Sitaki tu."

Yule mzee angeweza kuona haya. Angeweza kumvuta kidogo kwa utani, kama wanaume wanavyofanya. Akarudisha mkono wake taratibu. "Ni sawa, Mama. Tukae." Akakaa, akammiminia maji.

Yustina aliuangalia ule mkono uliolala juu ya goti la Muzee. Kisha akaniinamia sikioni: "Leonia, ameuondoa." Machozi yakamshuka, na safari hii hakuna aliyemwambia acheke.

Baadaye mama wa parokia walipanga mstari kupeleka zawadi, wakiimba na kucheza ile dansi yetu ya kanisani. Yustina akanyanyuka mwenyewe, na beseni kichwani. Mama Kolotilda alikuwa mbele. Alimuona, akasita, akasogea pembeni, akamuachia nafasi ubavuni mwake. Walifika mbele ya maarusi pamoja.

Baba, sikuandiki ili nikushinde kwa maneno. Ulifundisha ulichopokea, na wasichana wengi wa Kalima waliokoka na aibu kwa sababu yako. Lakini kuna jambo Yustina aliniambia juzi. Safari ya mwisho alipokuja Kalima, kwenye chapeli, wewe ndiye uliyekuwa unagawa komunyo. Alipofika mbele yako amefungua mikono, ulimpita, ukampa aliyemfuata. Alirudi Kindu bila kunieleza, na tangu siku hiyo alikuwa anakaa benchi ya nyuma.

Anakuja Pasaka. Mimi sikumtuma, ameamua mwenyewe, na hajui kwamba nimekuandikia. Atasimama kwenye mstari kama Wakristu wengine. Nakuomba tu uwe umejua yote haya kabla hajafika mbele yako.

Barua hii anaileta Amisi, fundi wa pikipiki, mtu mwaminifu, mpeni chakula. Nisalimie Mama, nisalimie kaka Paulini huko machimboni, na mkewe aliyejifungua. Shangazi anayekaa kijiji cha Tunda akipita kwenu, mwambieni kitambaa chake kiko tayari. Mume wangu na watoto wanapiga magoti kwako.

Mimi kitinda mimba wako, ambaye Yustina alisimama mbele yake,

Leonia