Michembe Aliyonipelekea Mama

Poland,
Jumapili ya pili ya Februari.

Dada yangu Asteria, Mama Ngassa,

Shikamoo. Nimekaa jikoni, sahani zimeshaoshwa, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Mgongo je, umepata nafuu? Ngassa na mkewe hawajambo? Na mwanangu Goodness anakusaidia kazi, au anakaa tu na simu? Majaruba ya mpunga yameshika maji mwaka huu? Mimi mwili hauna ugonjwa, namshukuru Mungu. Habari za moyo zitakuja humu humu, nakuomba usome hadi mwisho hata ukichukia.

Barua hii anakuletea Sista Melania, yule aliyenitafutia hii kazi. Anakuja Shinyanga kuwaaga wenzake wa zamani, maana naye amezeeka. Utaniuliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Dada, simu nimeishika mara nyingi. Nikisikia tu unaniita Lusia, nageuza maneno naanza kukueleza habari za baridi.

Na baridi kweli ipo. Nguo zilizoanikwa nje zinakauka kama mbao, unaweza kuzisimamisha ukutani. Masista wazee tunaowapikia sasa wamebaki ishirini na sita. Halina, mpishi mwenzangu, bado ananicheka. Nilipofika nilikuwa namsalimia kila asubuhi kama tulivyolelewa: umeamkaje, mume hajambo, watoto, mama mkwe, mifugo. Maneno hayo nilimwomba Sista Melania aniandikie kwa Kipolandi, nikayakariri njia nzima. Kumbe Halina alikwenda kumuuliza Sista, huyu mama wa Afrika anamchunguza kwa ajili ya nani, na nani kamwambia ana mifugo. Siku hizi ananiwahi yeye mlangoni, ananiuliza ng'ombe wangu wameamkaje. Namjibu wote wazima, tunacheka, tunaanza kumenya viazi.

Lugha nimeipata kupitia jikoni. Halina alikuwa ananyanyua kitunguu anakitaja, ananyanyua kisu anakitaja, nami naandika kwa penseli kwenye mifuko ya unga kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia tu hata nisichoelewa. Sasa naweza kugombana na mleta mboga mpaka anacheka. Lakini dada, maneno niliyonayo ni ya sufuria na chumvi. Kanisani najua tulipofika kwa kengele na kwa kupiga magoti tu. Na Kisukuma sina wa kusema naye. Kuna siku nilimwaga mchuzi nikamwita mama kwa kelele, "mayu!", na sista mmoja kipofu akauliza nani anaimba.

Sasa nije kwenye lile ulilokuwa unaniuliza. Tangu msiba wa mama, kila tukiongea unarudia swali hilo hilo: mama alifuata nini Geita mvua zikinyesha, mtu ambaye hata Kahama alikuwa haendi bila kushikwa mkono?

Unakumbuka tulivyoanza. Tangu ndugu yetu Magesa avuke kwenda kuchimba Kongo na tusimsikie tena, miaka kumi na moja sasa, mama aliapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayevuka mpaka wa nchi yeye akiwa hai. Kazi hii ilipopatikana nilimwambia nimepata upishi kwenye jiko la mgodi Geita. Mwakitolyo nilikuwa nimewapikia wachimbaji miaka saba, kwa hiyo aliamini bila shida. Wewe ulinikubalia kwa shingo upande, ukasema nitamweleza mwenyewe nikirudi likizo. Nilipoondoka alichukua maji mdomoni akanipulizia kifuani, akaniombea safari ya Geita. Baraka nilizobeba kwenye ndege zilikuwa za Geita, dada.

Kila Jumapili nilimpigia kwenye simu ya Goodness. Tunasalimiana: "Mhola?" Mhola, mama. Ananiuliza mvua, nami nimeshamuuliza Goodness pembeni kama Geita imenyesha. Nilikuwa mjanja wa kutisha. Mwezi wa kumi, Jumapili moja, mama akaniuliza nimekula nini. Siku hiyo nilikuwa na hamu ya nyumbani mpaka machozi yananilenga. Nikasema mama, natamani viazi vyetu vya kukausha, michembe, huku sipati hata kipande.

Halafu akauliza: Geita hakuna michembe?

Geita, dada! Pale ambapo michembe imemwagwa sokoni kwa madebe. Nikababaika nikasema ipo, ila ya huku haijakaushwa vizuri. Akasema haya. Lakini mama yetu hakuwa mtu wa kudanganywa kwenye habari za viazi. Nadhani alijiambia mwanangu ana shida: anafungiwa, au anaumwa, au hapewi ruhusa hata ya kufika sokoni. Ndiyo maana ulipokuwa Kahama umemsindikiza mkwe wako hospitali, alifunga michembe kwenye khanga, akamwambia Goodness amwandikie namba yangu kwenye karatasi, akaondoka bila kuaga. Alifuata neno langu, dada. Hilo ndilo jibu la swali lako, lakini ni nusu.

Hii nusu nyingine nilijaribu kumpelekea padri. Kabla ya Krismasi nilipanga foleni ya kitubio. Zamu yangu ilipofika nikasema nimekasirika, nimeacha rozari, nimemsema vibaya mleta mboga. Padri akangoja. Nilitafuta neno la hili jambo, na sikuwa nalo. Halikuwa limeandikwa kwenye mfuko wa unga. Nikapewa malipizi ya mboga na rozari, nikatoka, na tangu hapo sijapokea Ekaristi. Sista Melania angenitafsiria, lakini ndiye aliyenileta. Nimeona haya. Kwa hiyo nakuja kwako, uliyemwosha mama na kumvika.

Mama alinipigia akiwa Geita.

Kijana wa bodaboda anaitwa Onesmo ndiye aliyepiga. Aliona namba si ya nchini, akatumia bando lake. Nilikuwa nachuja viazi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yuko getini mgodini na bibi anayemtafuta binti yake, Lusia ng'wana Ndaki, walinzi wameangalia majina yote ya jikoni hakuna Lusia, na mimi naonekana niko nje ya nchi, sasa amwambieje bibi? Nikamsihi asimwambie. Amwambie nimetumwa Mwanza kufuata vyakula, ampakie kwenye basi arudi. Kijana akasema, mama, mimi bibi huyu siwezi kumdanganya, ongea naye mwenyewe. Akampa simu.

Mama akasema nimefika, mwanangu, uko wapi, nimekuletea michembe. Dada, neno lilikuwa hapa mdomoni, na lilikuwa la Kisukuma, lugha niliyopewa na yeye mwenyewe. Halikunishinda kwa kukosa maneno. Nikasema niko Mwanza, narudi keshokutwa. Nilijua atachoka arudi. Akasema basi nitakusubiri hapa hapa. Na mimi nikasema haya, mama, nisubiri.

Halina aliniita kwa sababu ya viazi. Nikazima simu. Haikuharibika kama nilivyokwambia. Niliizima kwa mkono wangu na sikuiwasha siku tatu, kwa kuogopa kijana yule asipige tena. Siku tatu hizo ulipokuwa unanipigia kuniuliza kama najua mama alipo, mimi nilikuwa najua. Na mama alikuwa amekaa kwa mama lishe mkabala na geti, chini ya turubai, mvua ya mwezi wa kumi na moja inampiga miguuni, anaangalia kila gari linalotoka Mwanza.

Onesmo ndiye aliyemrudisha mpaka Kahama, nawe ukampokea akiwa na homa ya mapafu. Siku tisa tu, akatutoka. Uliniambia kwamba katika homa alikuwa anakataa kulala, anasema Lusia kaniambia nimsubiri, nawe ukamtuliza ukidhani ni homa inasema. Haikuwa homa, dada. Alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyemwamini.

Umenialika mwezi wa saba kuweka msalaba, na ukasema kwenye jumuiya watu wananisifu kwa kuwakumbuka nyumbani. Sasa unajua. Sitakata tiketi mpaka uniite tena baada ya kusoma haya. Ukinyamaza nitaelewa, wala sitakulaumu. Goodness usimgombeze kwa ile karatasi ya namba. Yeye alimtii bibi yake tu.

Ninaomba jambo moja, hata ukinikataa kwa mengine. Nenda kaburini, wewe peke yako, umweleze mama kwa Kisukuma mahali nilipo. Itaje nchi kwa jina lake. Mwambie siko Mwanza, na Geita sijawahi kukaa hata siku moja. Mwambie asinisubiri pale, aende zake apumzike.

Ile michembe uliyonitumia kupitia masista waliosafiri kuja huku mwezi uliopita, ukisema ilikuwa kwenye khanga yake, ilifika. Halina aliuliza inapikwaje. Nilimfundisha jina lake, akaliandika kwenye mfuko wa unga. Sijaipika bado.

Nisalimie Ngassa na nyumba yake, na wote wa jumuiya wanaoniulizia. Goodness mbusu kipaji cha uso kwa niaba yangu. Mungu akulinde, dada, wewe uliyebaki.

Ni mimi mdogo wako,
Lusia Ndaki.