Mgowe wa Bwana wa Miwati

Mahongole, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila kukuamkia. Mwandiko umepinda kwa sababu Twilumba amelala mgongoni. Ulipotuacha alikuwa tumboni, sasa ana meno mawili na ananing'ata. Baba yake alipanda lori la manamba kwenda mkonge, na hadi leo hakuna barua. Tunalala wawili kwenye blanketi lako la kijivu. Limechakaa, Mama.

Nina habari ya kukupa. Jumapili iliyopita karani wa yule Mzungu mwenye shamba la miwati, ile miti anayoichuna magome, alisimama nje ya kanisa, akatangaza kwamba Bwana anaita mgowe. Wanawake wote waende siku sita kubeba magome, watakula ugali, na kila mmoja atapewa kikombe cha chumvi. Sijui nani alimweleza Bwana kwamba kwa mgowe sisi Wabena tunaitana kulima na malipo ni chakula. Alisikia nusu ya jambo, akaipenda nusu hiyo.

Watu walikasirika, Mama. Hata mzee wa kanisa, ambaye hasemi neno bila kukohoa mara tatu, siku hiyo hakukohoa.

Karani alishangaa kweli. Akatuuliza mbona mwaka jana tulikwenda kwa mjane Rahabu, tukanywa uji tu, na hakuna aliyenuna. Ni kweli tulikwenda. Wewe ulikuwa umeshaanza kuumwa, ukalima mstari wako mpaka mwisho. Wewe mwenyewe ulisema kwamba katika ule uji mtu angeweza kujitazama uso. Lakini Rahabu alishika jembe kabla yetu sote, na wiki iliyofuata akaja kwako na jembe lile lile.

Basi nikasema, mtoto mgongoni: "Karani, mwambie Bwana tutakuja. Ila na mimi naita mgowe Alhamisi, kule bondeni. Aje na jembe lake, na mke wake asibaki nyumbani."

Walicheka mpaka karani akakunja karatasi yake. Mmoja akasema jembe la Bwana litakuja kwa motokaa.

Nimefikiri sana hasira ile ilitoka wapi, maana njaa tunaijua na kazi hatuiogopi. Rahabu alitupa kidogo, na baada ya hapo chungu chake kilikuwa kitupu. Bwana ana motokaa mbili na nyumba ya vioo. Yeye akikupa chumvi kikombe, ujue amekutazama, akakupima, akaona unatosha hapo. Na tena anataka umshukuru kama jirani. Hapo ndipo roho inapochafuka.

Siku zikapita, hakuna aliyekwenda kubeba magome, wala Bwana hakuja na jembe. Ijumaa karani alikuja nyumbani peke yake. Kanisani aliniita "wewe mama", hapa nikawa "dada yangu". Alisema Bwana atanipa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na mshahara kamili, niwe msimamizi, mradi niwalete wenzangu kwa ile chumvi. Sikufichi, Mama. Nililitazama blanketi. Siku hizi asubuhi nyasi ni nyeupe kwa jalidi, na mtoto ana kifua. Karani aliniona nalitazama, akatoa kalamu, akidhani nimekubali.

Nikamwambia, "Kaka, mshahara huo wape wote, ndipo uandike jina langu. Na mtoto nakuja naye."

Akasema mimi ni jeuri. Nikamkaribisha togwa, akanywa, akaenda zake.

Usiku ule nililia kidogo, lakini sikujuta. Wanaume wengi wako mkonge, na miti inaangushwa kila siku. Magome yakikaa chini yanaharibika, na Bwana analijua hilo kuliko mimi. Leo kanisani karani hakutangaza kitu. Alinisogelea tu, akauliza kwa sauti ya chini tuko wanawake wangapi. Nikamwambia aje kesho ahesabu mwenyewe, atatukuta njiani tumesimama pamoja.

Mtoto anaamka, naishia hapa. Pumzika, Mama, mgongo wako umefanya kazi ya kutosha. Kesho sijui Bwana atajibu nini. Ninachokuahidi ni kwamba lango lake sitalipita peke yangu.

Mwanao,
Lea